Sura ya 6: Springi Haivunjiki Bure

Dereva akipiga simu usiku kusema springi imevunjika, tajiri wa lori huuliza kwanza, "Shilingi ngapi?" Ni swali la haki. Lori ni mtaji wa mtu, pengine ndilo shamba lake, nyumba yake na ada za shule za watoto wake kwa pamoja. Lakini lipo swali linalopaswa kutangulia, na jibu lake halinunuliwi dukani: imevunjikia wapi? Katikati, karibu na tundu la senta bolti? Pembeni mwa yubolti? Au kwenye jicho, pale pini inapopita? Ukijua jani limekatikia wapi, kazi ya kujua kwa nini limekatika imekwisha nusu. Usipojua, utanunua jani jipya, ulifunge palepale, na baada ya wiki chache simu italia tena.

Katika gereji nyingi ninazozifahamu, pesa kubwa huliwa na kazi inayorudiwa kwa sababu chanzo hakikutafutwa. Bei ya spea yenyewe huja nyuma. Songea ni mahali pazuri pa kulieleza jambo hili, kwa sababu hapa lori moja linaweza kukutana na kila aina ya adha ndani ya wiki moja.

Kaskazini kuna barabara ya Makambako, takriban kilomita 300, iliyowekwa lami katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Inapita Madaba na miteremko ya Lukumburu, ambayo kila dereva wa kusini anaijua kwa jina. Mashariki kuna njia ya Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi Mtwara, zaidi ya kilomita 600. Magharibi unakwenda Mbinga na kushuka Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Vipande vya Songea hadi Namtumbo na Peramiho hadi Mbinga vilipata lami kwa fedha za Marekani, kupitia mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia (MCC) wa 2008. Kusini, kuelekea Muhukuru na Mkenda mpakani mwa Msumbiji, na kwenye njia nyingi za vijijini zinazotoa mahindi, udongo mwekundu bado unatawala.

Wengi walidhani lami ingemaliza matatizo ya springi. Imeyabadilisha sura tu. Kwenye tope lori lilikwenda taratibu, likajipinda huku na huku, na springi ikaumia kwa kusokotwa. Kwenye lami lori linakimbia na mzigo kamili, kisha linakutana na rasta na matuta ya kila kijiji. Dereva aliyechelewa kukanyaga breki analipanda tuta huku uzito wote umelalia mbele. Pigo hilo moja linaweza kuanzisha ufa usioonekana kwa macho, ufa ambao utafanya kazi yake polepole kwa miezi.

Mizigo nayo imebadilika. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011 na Tancoal, kampuni ya ubia na Shirika la Taifa la Maendeleo. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 na bei ya makaa duniani kupanda, bandari ya Mtwara ikazidi kuwa mlango wa makaa ya Ruvuma kwenda nje. Semi inashuka na makaa hadi baharini, na mara nyingi inarudi tupu. Watu huhofia safari ya kwenda, lakini ya kurudi ina madhara yake pia: springi iliyotengenezwa kwa mzigo mzito, ikiwa haina kitu juu yake, huwa ngumu kama gogo, na tela linarukaruka. Pigo ambalo springi ingelimeza linakwenda kwenye bushi, pini na shokapu.

Halafu kuna mahindi. Kuanzia Juni, Fuso na Kenta zinaingia Mpitimbi, Magagura, Muhukuru na vijiji vya Namtumbo kubeba magunia, nyingine zikiishia kwenye foleni ya ghala la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hapo Ruhuwiko. Huu ndio msimu wa fundi springi. Kila mtu anataka gari lake leo, kila mtu anataka tripu moja zaidi, na hakuna mwenye subira ya kuuliza springi imevunjikia wapi.

*

Springi ya majani ni teknolojia ya zamani. Mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya kufunga springi za namna hiyo kwenye magari ya kukokotwa na farasi. Tangu wakati huo chuma kimeboreshwa sana, lakini wazo ni lilelile: vipande vya chuma vilivyopinda, virefu juu na vifupi chini, vikibanwa pamoja katikati. Jani la juu kabisa, jani mama, ndilo lenye macho mawili ya kupitishia pini. Upande mmoja limeshikwa kwenye hanga isiyosogea. Upande wa pili liko kwenye shakeli inayocheza, kwa sababu springi ikinyooka inarefuka na lazima ipate pa kwenda.

Kuna siri moja ndani ya fungu hilo la majani ambayo wengi hawaitazami. Kila jani la chini limepinda kidogo zaidi ya lililo juu yake. Ukiyapanga mezani bila kuyabana utaona mwanya mwembamba kati yake. Senta bolti ikikazwa mwanya unafungika, na majani yanaanza kusaidiana hata kabla mzigo haujapakiwa. Ndiyo maana kununua jani moja kwa kuangalia urefu na upana pekee ni kubahatisha. Jani lililonyooka kupita wenzake halibebi sehemu yake, na lililopinda kupita kiasi linabeba ya wenzake.

Unene ni hatari zaidi. Ukakamavu wa jani unakua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Jani la milimita 14 likiwekwa mahali pa jani la milimita 12, ukakamavu wake ni karibu mara 1.6, ingawa kwa macho tofauti ni ndogo kuliko unene wa sarafu mbili. Majani yote yanalazimika kupinda pamoja, kwa hiyo jani hilo nene linabeba zaidi na linaumia zaidi. Tajiri anashangaa: "Mbona tuliweka jani nene, imara, na ndilo limevunjika la kwanza?" Limevunjika la kwanza kwa sababu ni nene.

Senta bolti nayo inadhaniwa vibaya. Watu huamini ndiyo inayoshika springi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupanga majani na kuiweka ekseli mahali pake. Kinachoshika ni yubolti. Yubolti zikilegea hata kidogo, jani linaanza kupinda palepale penye tundu la senta bolti, na tundu ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Kichwa cha senta bolti nacho kinaanza kusagika. Siku kitakapokatika, ekseli itateleza nyuma upande mmoja, na lori litakwenda likiwa limekaa mshazari, matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele. Ukilifuata lori la namna hiyo kwenye barabara ya Njombe unaliona ubavu kabla hujaliona tumbo.

*

Sasa tulishike jani lililovunjika.

Likitolewa kwenye gari, wengi hulitupa pembeni mwa gereji na kuanza kupigia simu maduka. Ningependa kila tajiri alichukue kwanza, alioshe kwa dizeli, alifute kwa kitambaa, kisha asogee nalo juani na kuutazama uso wa mvunjiko. Ataona sehemu mbili. Moja ni nyororo, ya kahawia au nyeusi, mara nyingine yenye mistari laini iliyopinda ikizunguka nukta moja. Nyingine ni ya kijivu inayong'aa, yenye chembechembe.

Ile nyororo ni ufa wa zamani. Chuma kilichoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ufa ukaanza kwenye nukta ile na kusonga mbele kidogo kidogo kila gari lilipopiga shimo, huku nyuso zake zikisuguana na maji na vumbi vikiingia na kuacha kutu. Ile inayong'aa ni chuma kilichobaki, kilichokatika kwa mara moja siku ya mwisho. Tafuta nukta ya mwanzo. Mara nyingi iko upande wa juu wa jani, kwa sababu mzigo unapolinyoosha jani, upande wa juu ndio unaovutwa. Kama nukta iko kwenye ukingo wa tundu la senta bolti, mtuhumiwa wa kwanza ni yubolti zilizolegea. Kama iko kwenye kishimo cha kutu, au kwenye mkwaruzo ulioachwa na nyundo au patasi, jani liliumizwa kabla ya safari.

Ukubwa wa sehemu hizo una maana yake. Sehemu nyeusi ikiwa kubwa na inayong'aa ikiwa ndogo, jani lilifanya kazi muda mrefu likiwa na ufa, maana yake mzigo haukuwa mkubwa mno na ukaguzi mmoja mzuri ungeuona ufa huo. Sehemu nyeusi ikiwa ndogo kama punje ya mahindi na sehemu yote iliyobaki inang'aa, jani lilikatwa na uzito uliozidi, au pigo kubwa, au chuma chake kilikuwa kigumu kupita kiasi kwa sababu hakikupikwa vizuri kiwandani. Hapo mazungumzo yanahamia kwenye mzigo, dereva na muuza spea.

Mahali pa mvunjiko panakamilisha habari. Katikati ni yubolti. Nje kidogo ya pale yubolti zinapobana, mara nyingi ni uzito au umri. Karibu na jicho, kagua bushi na pini: pini isiyopata grisi inashikana na bushi, jicho halizunguki tena, na jani linalazimika kupinda mahali ambapo halikuundwa kupinda. Jani la bei kubwa linakufa kwa kukosa grisi ya shilingi chache.

*

Si lazima kungoja kitu kivunjike. Ukaguzi kamili wa chini ya lori hauhitaji kompyuta. Unahitaji maji, futi ya kupimia, mtaimbo, jeki imara yenye stendi, na mtu wa pili kwenye usukani.

Maji kwanza. Vumbi jekundu la Songea linafanana rangi na kutu, na kutu ndiyo dalili tunayoitafuta. Lori likioshwa na kutembea siku moja, palipo na kitu kinachocheza patatoka mstari mpya wa unga wa kutu, kwenye nati ya yubolti, kati ya jani na jani, kwenye jicho. Palipong'aa kama pameswakiwa, chuma kinasugua chuma.

Kisha simamisha gari mahali tambarare, hakikisha upepo wa matairi ni sawa, na pima kimo kutoka ekseli hadi chesisi kulia na kushoto. Tofauti ikiwepo, springi ya upande mmoja imelala, au ina jani lililokatika ndani ambalo halijajitokeza. Pima pia kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, pande zote mbili, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Vipimo vikipishana, ekseli imesogea, na hakuna alaimenti itakayolirekebisha gari hilo mpaka senta bolti na yubolti zishughulikiwe. Nimeona watu wakilipia alaimenti mara mbili kwa gari ambalo shida yake ilikuwa bolti moja.

Mtaimbo ni wa bushi. Uingize kati ya jicho na hanga, bana, tazama. Raba ya bushi nzima inatikisika kidogo na kurudi. Iliyokwisha inaruhusu chuma kigonge chuma, na utasikia kabla ya kuona. Kwenye tandamu, yaani ekseli mbili za nyuma zinazofuatana, mwambie mtu wa usukani akanyage breki ya mguu, aingize gia, aachie klachi kidogo kwenda mbele kisha nyuma, nawe ukiwa pembeni, si chini ya gari. Rodi zinazoishika ekseli isisogee zitajieleza zenyewe. Ekseli ikiruka mbele na nyuma kabla ya kutulia, bushi za rodi zimekwisha, na hizo ndizo zinazokula matairi ya nyuma bila kelele.

Kwa magurudumu ya mbele kuna jaribio moja ambalo linaokoa pesa nyingi. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, fundi wa haraka atasema kingpini imekwisha, na kubadilisha kingpini ni kazi nzito yenye bei yake. Kabla hujakubali, mwombe utingo akanyage breki na aishikilie hapo. Tikisa tena. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye beringi za habu, ambazo huenda zinahitaji kukazwa tu. Mchezo ukibaki, hapo kweli ni kingpini. Jaribio hili linachukua muda mfupi kuliko kuagiza chai.

Shokapu usiihukumu kwa umri. Gari likirudi kutoka safarini, pitisha kiganja karibu na kila shokapu. Shokapu inayofanya kazi inageuza mtikisiko kuwa joto, kwa hiyo itakuwa na uvuguvugu. Iliyo baridi wakati wenzake wana joto imeacha kazi. Inayovuja mafuta mazito haina haja ya kuulizwa.

Na matairi yanasimulia yote haya kwa maandishi makubwa. Tairi lenye mabonde mabonde kuzunguka mzingo wake linaonyesha gurudumu linadunda, na mara nyingi shokapu ndiyo mkosaji. Lililolika ukingo mmoja linaelekeza kwenye kingpini, beringi au ekseli iliyopinda. Ukipitisha mkono juu ya mpira, ukateleza kwenda huku na kukwaruzwa kurudi kule, magurudumu hayatazamani sawa, kagua tairodi endi. Tajiri anayenunua matairi bila kuyasoma ya zamani anawapelekea maadui walewale chakula kipya.

*

Tuje kwenye pesa. Bei za spea hubadilika kwa msimu, kwa dola na kwa chapa, kwa hiyo tarakimu nitakazotumia ni za kuelekeza hesabu tu. Weka zako mahali pake.

Chukua Fuso linalobeba mahindi kutoka Muhukuru. Jani la pili la nyuma kushoto limekatikia kwenye tundu la senta bolti. Tuseme jani ni shilingi 150,000, ufundi 50,000, na siku ambayo gari limelala bila kazi ina hasara ya 200,000. Jumla 400,000. Tajiri analipa, gari linaondoka. Yubolti ni zilezile za zamani, zimevutika na hazibani tena. Baada ya wiki tatu jani linakatika palepale. Mwezi unaofuata tena. Msimu unakwisha akiwa ametumia 1,200,000, na analaani majani ya siku hizi kwamba ni feki.

Angefanya kazi kamili mara ya kwanza: jani 150,000, yubolti mpya na senta bolti 120,000, bushi na pini 100,000, ufundi 80,000 kwa sababu kazi ni kubwa zaidi, na siku mbili za kulala, 400,000. Jumla 850,000. Bili hii inatisha; ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Lakini msimu ukiisha imemwachia 350,000 mkononi, na hapo sijahesabu matairi.

Somo la hesabu hiyo liko kwenye kazi ya kufungua. Kuitoa springi kwenye gari ni kazi ileile, uwe unabadilisha bushi moja au kila kitu. Ikishatoka, bushi na pini ni vitu vidogo, na kuvirudisha vikiwa nusu ya uhai ni kulipia ufundi mara mbili kwa hiari. Yubolti iliyokwisha kufunguliwa usiirudishe. Imevutwa ikakazwa mara moja, na ukiikaza tena haitoi mbano uleule. Watengenezaji wengi wa malori wanakataza kabisa kuitumia upya. Kama upande wa kulia una umri sawa na wa kushoto na umelala kwa sentimita kadhaa, fikiria kushughulikia pande zote mbili. Springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili zitalifanya gari liegemee, na iliyochoka itamalizika haraka.

Mjini Songea majani na bushi za magari yanayotumika sana hapa, Fuso, Isuzu, Scania, hupatikana. Kwa chapa zisizo za kawaida simu inapigwa Gerezani, Kariakoo, na mzigo unapanda basi. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 900. Jani lisiloendana likifika, umepoteza nauli ya kuja, ya kurudi, na siku mbili tatu za gari. Tuma vipimo kamili: upana, unene, kipenyo cha tundu la senta bolti na cha jicho, na urefu kutoka katikati ya tundu hadi kila ncha, pande zote mbili. Kwenye springi nyingi urefu huo haulingani mbele na nyuma, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Piga picha jani likiwa na futi ya kupimia juu yake. Dai risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti huna la kulidai duka wala la kuipelekea Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia.

Kuna njia mbili za kubana matumizi ambazo ninazipinga waziwazi. Ya kwanza ni kuchomelea jani lililokatika. Springi ni chuma kilichopashwa moto, kikazimwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kipimo ili kiwe kigumu bila kuwa na ukavu wa glasi. Moto wa kuchomelea unavuruga yote hayo kandokando ya mshono, na jani litakatika hapo, pengine Lukumburu ukiwa unateremka. Ya pili ni kulipasha moto jani lililolala na kulipinda upya kwa nyundo. Likipoa hewani limepoteza ugumu wake, na baada ya tripu chache limelala tena. Kulipinda likiwa baridi, kwa fundi anayejua kugonga sawa na polepole, kuna nafuu kwa muda, lakini jani lenye ufa au kutu iliyochimba lisipewe nafasi hiyo. Liende kwa mhunzi. Wahunzi wetu wamekuwa wakitengeneza mapanga na visu vizuri kwa chuma hiki miaka mingi.

*

Ukarabati wowote utashindwa kama mzigo haukubaliki. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaweka tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa kundi la ekseli mbili za aina hiyo, na tani 56 kwa gari zima lenye ekseli za kutosha. Wengi wanaiona mizani ya TANROADS kama kikwazo cha njiani. Kwangu mimi ndiyo kifaa cha bei rahisi cha kukagua springi.

Barabara inaumizwa takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, kanuni iliyotokana na majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, madhara kwa lami ni zaidi ya mara mbili. Chuma cha springi nacho hakichoki kwa uwiano wa moja kwa moja. Ukiongeza mzigo kidogo, umri wake unapungua kwa kiasi kikubwa. Kuongeza majani ili kubeba zaidi hakuondoi deni hilo. Kunalihamishia kwenye chesisi, ekseli, habu na matairi, na ufa wa chesisi ni ghali kuliko fungu zima la springi.

Lipo jambo ambalo matajiri wachache wanalijua. Gari linaweza kuwa na uzito halali kwa jumla na bado ekseli moja ikazidi. Mara nyingi mzigo umepangwa vibaya. Lakini mara nyingine mzigo umekaa vizuri, na kosa liko chini: springi ya ekseli moja imelala, au kiungo kinachogawa uzito kati ya ekseli za tela kimeganda kwa kutu, na ekseli jirani inabeba mzigo usio wake. Ukipewa karatasi ya mizani usiitupe. Linganisha za safari tatu nne. Ekseli ileile ikizidi kila mara kwa mzigo uleule, umepata ugonjwa kabla haujavunja kitu.

Yamebaki mambo mawili ya watu. La kwanza ni dereva. Katika magari mengi dereva ananyamaza akisikia mlio mpya, kwa sababu anaogopa kukatwa posho. Utaratibu huo unamfundisha kuficha, na unamgharimu tajiri kuliko posho yoyote. Dereva anayesema mapema alipwe kwa kusema. Na ikiwa jani mama la springi ya mbele limekatika, asiendelee hata kilomita moja kwa amri ya simu: ekseli ya usukani ikisogea, usukani haumtii tena, na hiyo ni roho yake na za wengine. Gogo la mti lililowekwa kati ya ekseli na chesisi ni la kusogeza gari kando ya barabara, si la kufika Makambako.

La pili ni ukazaji baada ya ukarabati. Yubolti mpya zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Bomba refu juu ya spana halina kipimo, lina misuli tu. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 zinakazwa tena, kwa sababu rangi, kutu na uchafu kati ya majani vimekwisha kusagika na mbano umepungua. Kwa gari la Mtwara, hiyo ni mara linaposhusha makaa. Kwa gari la Makambako, ni likirudi Songea. Iandikwe kwenye daftari la gari kabla halijatoka gereji: tarehe, kilomita za dashibodi, jina la fundi, na mstari mtupu wa kujaza siku ya kukaza tena. Mstari huo ukiwa haujajazwa, lisipakiwe.